Manowari ya Bomba Tatu Haina Kibao Rufiji

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa mnaosimamia malikale, makumbusho na utalii wa Tanzania. Kwa viongozi wa Mkoa wa Pwani na Wilaya ya Kibiti. Na kwa ndugu zetu mnaoitunza Ngome ya Yesu kule Mombasa

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzaliwa wa visiwa vya delta ya Rufiji, huko ambako mtoto hupiga kasia kabla hajajua kuandika jina lake. Nina ombi moja, na nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta: naomba pawekwe ukumbusho wa vita vya manowari ya Kijerumani Königsberg hapa Rufiji, mahali vilipopiganwa, na ukumbusho huo uwataje watu waliovuta mizinga ya meli ile kwa mabega yao.

Meli yenyewe bila shaka mmeisikia. Iliingia Dar es Salaam mwezi Juni 1914, mwaka ule ule Wajerumani walipofikisha reli yao Kigoma, wakawa wanaandaa maonyesho makubwa ya mwezi Agosti. Urefu wake ulikuwa mita 115. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105 na dohani tatu zilizosimama wima juu ya sitaha. Watu wa mjini hawakujitaabisha na jina lake la Kijerumani. Waliiita manowari ya bomba tatu, kwa kuwa dohani kwao ilikuwa bomba la moshi, na jina hilo likashika pwani nzima. Nyumbani kwetu bibi alikuwa akilitumia mpaka uzeeni. Akimwona mtu anatembea kwa majivuno husema: "Huyo naye, bomba tatu." Sisi wajukuu tulilisema neno hilo miaka mingi kabla ya kujua kwamba lilikuwa meli.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokaribia, tarehe 31 Julai, Königsberg ilitoka bandarini. Tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, ikaipeleka kwenye visiwa vya Khuriya Muriya, pwani ya Oman, ikachukua makaa yake ya mawe kisha ikaizamisha. Hiyo ndiyo meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kukamatwa katika Vita Kuu. Mapema Septemba ikaja kujificha kwetu, ndani ya mikoko.

Wazanzibari wanaijua sehemu inayofuata kuliko sisi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 bomba tatu ilitokea mbele ya bandari ya Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga, mitambo yake iko kwenye matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kumfikia adui. Kabla ya saa moja kupita mambo yalikuwa yamekwisha: watu 38 wa Pegasus walipoteza maisha na 55 walijeruhiwa. Meli ikazama. Makaburi ya mabaharia wake yapo mpaka leo katika kisiwa cha Chapwani, na anayevuka kwenda kule anaweza kuyazuru.

Kuanzia hapa naomba mnisome polepole, maana ndipo ombi langu lilipo.

Wakati inarudi kutoka Unguja, au muda mfupi tu baadaye, mtambo wa Königsberg uliharibika. Ikabidi iingie tena Rufiji na kukaa. Vitabu vinasema kwamba vipande vilivyovunjika "vilifunguliwa, vikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikatengenezwa na kurudishwa". Nimefundisha Kiswahili miaka 31. Nimesahihisha maelfu ya madaftari ya wanafunzi wanaochanganya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, na naijua vizuri kazi ya kauli ya kutendwa: humficha mtenda. Vilipelekwa. Na nani? Kutoka delta hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 100. Hapakuwa na reli upande huu. Palikuwa na tope, mito ya kuvuka, mchanga, na jua. Chuma cha meli hakitembei chenyewe. Katika kiambishi kile kidogo, hiyo -w- iliyokaa kimya katikati ya neno, wamo watu ambao hatujui hata idadi yao.

Habari hiyo hiyo inajirudia mwishoni. Lakini acheni kwanza niieleze vita, maana kijana wa leo anayepanda boti Nyamisati kwenda Mafia anapita karibu na mahali penye historia ya dunia na hakuna anayemwambia.

Mwisho wa Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham iligundua bomba tatu iko wapi. Waingereza wakaiziba milango ya mto. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mlango wa Suninga ili kuufunga. Haikutosha, kwa sababu Rufiji haina mlango mmoja. Kuna Simba Uranga, kuna Kikunja, kuna Kiomboni, na vijito ambavyo majina yake anayajua mvuvi wa hapo tu. Manowari kubwa zisingeweza kuingia, zingekwama. Na bomba tatu nayo isingeweza kutoka. Mabaharia waliifunika kwa matawi ya mikoko, wakaweka walinzi kwenye milango ya mto, wakavuta nyaya za simu kati ya vituo, na malaria ikawa inawamaliza taratibu. Ikawa hivyo miezi minane.

Waingereza walileta ndege. Rubani wa kwanza alikuwa raia, Dennis Cutler, akiwa na ndege moja ya majini iliyotoka Afrika Kusini. Alikamatwa na Wajerumani mwezi Desemba. Januari 1915 wakaitwaa Mafia na baadaye wakatengeneza huko kiwanja cha ndege. Ndege nyingine zilizofuata zilishindwa na joto letu, gundi ya mbao zao ikaachia. Fikirini watu wa Mafia wa mwaka 1915, nahodha wa jahazi na mchuma nazi aliye juu ya mnazi, wakiona kwa mara ya kwanza kitu kilichotengenezwa na binadamu kinapita angani. Hilo peke yake linatosha kuwa na kibao Kilindoni.

Kisha kuna mwindaji Pieter Pretorius, ambaye Waingereza walimtuma kuuchunguza mto. Aliingia delta, akaiona meli kwa macho yake, akapima kina cha mikondo. Vitabu vinamsifu sana, na alikuwa hodari kweli. Ila hakuna mgeni, hata awe hodari namna gani, anayeingia Rufiji bila mwenyeji. Mkondo wa Rufiji unahama. Fungu la mchanga lililokuwepo kaskazi halipo kusi. Hata leo, mimi niliyezaliwa humo, siingii usiku bila mtu wa kijiji husika. Walikuwapo watu waliomwongoza mgeni yule, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa, na wao pia wamo ndani ya ile kauli ya kutendwa: kina "kilipimwa".

Mwisho wa yote waliletwa Severn na Mersey, manowari mbili ambazo zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zinazohitaji maji chini ya mita 2 kuelea. Zilivutwa kutoka Malta hadi kwetu. Tarehe 6 Julai 1915 zikapanda mto, zikapigana, Mersey ikapigwa, zikarudi. Tarehe 11 Julai zikapanda tena, na safari hii ndege iliyokuwa ikielekeza makombora iliendelea kutoa habari hata ilipokuwa imepigwa na inaanguka. Alasiri nahodha Max Looff, mwenyewe akiwa na majeraha, aliamuru meli yake izamishwe. Siku hiyo mabaharia wake 19 walikufa na 45 walijeruhiwa. Wamezikwa humu humu delta, na nikiomba ukumbusho siwatoi wao. Walikuwa watoto wa watu.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo babu wa baba zetu waliiita kazi.

Meli ilikuwa imelala kwenye maji machache, mizinga yake 10 bado mizima. Wajerumani waliitoa yote. Ikaburutwa hadi Dar es Salaam, ambako karakana ya reli iliitengenezea magurudumu, na kutoka hapo ikasambazwa nchi nzima. Mmoja ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen kule Kigoma, meli ile ile iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Mingine ilinguruma Kondoa-Irangi mwaka 1916. Tazameni ramani, Waheshimiwa: kutoka mikoko ya Rufiji hadi Kondoa, hadi Kigoma. Penye reli mizinga ilipanda reli. Pasipo na reli ilipanda mabega ya watu.

Baba wa babu yangu alikuwa na kovu begani, upande wa kulia, jeusi na gumu kama ukoko wa chungu. Mimi sikumkuta. Babu ndiye aliyetusimulia, na alisema kovu lile lilikuwa na jina nyumbani, likiitwa kovu la mzinga. Alisema wavutaji waliimba ili wavute kwa pamoja, na aliyeanguka aliwekwa kando ya njia, mwingine akashika kamba. Wimbo wenyewe hatukumwuliza. Nimekuwa mwalimu wa lugha maisha yangu yote, nimekusanya methali na vitendawili vya vijiji sita, na wimbo uliokuwa kwenye ubaraza wetu wenyewe nikauacha ukazikwa. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka, na ni moja ya sababu za kuiandika barua hii sasa badala ya mwakani.

Sasa twende tuzuru kumbukumbu.

Mzinga mmoja wa Königsberg upo Pretoria, kwenye viwanja vya Union Buildings, makao ya serikali ya Afrika Kusini. Mwingine upo Jinja, Uganda. Mwingine upo Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, na hapo hapo upo mzinga uliotoka Pegasus: aliyepiga na aliyepigwa wanalala uwanja mmoja. Nilikwenda Mombasa miaka kadhaa iliyopita kwa harusi ya mpwa wangu, na asubuhi ya siku ya pili nikatoroka kwenye shughuli, nikaenda ngomeni peke yangu. Niliuweka mkono wangu juu ya chuma kile. Kilikuwa cha moto kwa jua. Nilifikiri nitahisi fahari, au hasira. Nilichofikiria ni bega la mzee wangu, kwamba huenda ni mzinga huu huu. Familia za watalii zilikuwa zinapiga picha, watoto wameupanda kama farasi, na mimi nimesimama nalia bila kuweza kumweleza mtu sababu.

Ndugu zetu wa Mombasa, siwadai mzinga huo. Mmeutunza vizuri, na unaonwa na watu wengi kuliko ambavyo ungeonwa Nyamisati. Ninachowaomba ni maneno mawili matatu ya Kiswahili pembeni yake, yaseme kwamba kabla haujafika hapo uliwahi kuvutwa na Waafrika kutoka delta ya Rufiji.

Dar es Salaam tunayo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Wissmann, gavana wao wa zamani. Ni sanamu nzuri, na maandishi yake yanawataja wapagazi, yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Kwenye sanamu ya Nairobi, ya umri ule ule, mpagazi naye amesimama kwa umbo lake. Sisi wa Dar es Salaam tunamkuta kwenye maandishi tu, na pia katika jina la Kariakoo, neno lililotokana na kambi ya kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Kila siku maelfu ya watu wananunua vitenge na simu Kariakoo. Sijui ni wangapi kati yao wanajua kwamba wanalitaja jeshi la wabeba mizigo, ambao wanahistoria wanakadiria walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengine wanasema zaidi ya laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa.

Najua kuna watakaosema kwamba nataka tuwajengee mnara wakoloni wawili waliogombea nyumba isiyo yao. Hoja hiyo naiheshimu, maana hata mimi niliibeba muda mrefu. Königsberg iliteremshwa majini mara ya kwanza huko Kiel mwezi Desemba 1905. Je, sisi Desemba 1905 tulikuwa wapi? Tulikuwa katikati ya Maji Maji. Vita ilikuwa imeanza Julai mwaka huo Nandete, katika vilima vya Wamatumbi kusini tu mwa mto wetu. Kinjekitile wa Ngarambe alikuwa ameshanyongwa Mohoro, mwezi Agosti. Watu wa Rufiji walitoka kwenye vita ile wakaingia njaa yake, na hawajakaa miaka 10 wameletewa kamba na kuambiwa wavute mizinga ya watu wale wale waliowanyonga wazee wao. Mtu akiniambia kwamba habari hiyo ni ya wakoloni, namwomba aisome mara ya pili. Ni yetu zaidi kuliko ilivyo yao.

Na wao hawakuisahau sehemu yao. Mwaka 1919 Looff na mabaharia wake waliobaki walipofika Ujerumani waliandamana kwa heshima penye Lango la Brandenburg, Berlin. Waingereza nao wana desturi ya kuyakumbuka mapigano ya baharini kwa mawe makubwa. London kuna uwanja mzima unaoitwa Trafalgar, kwa vita ya mwaka 1805, na nguzo ya Nelson, amiri wao aliyefia katika vita hiyo, katikati yake. Chini ya nguzo ile kuna picha za shaba, na katika ile inayoonyesha kifo cha Nelson yumo baharia mmoja Mwafrika, ameshika bunduki, yumo vitani pamoja na wenzake. Wachongaji wa miaka ya 1840 waliona vema kumweka. Nashindwa kukubali kwamba mtu mweusi apate nafasi kwenye nguzo ya London na akose nafasi kwenye mto wake mwenyewe.

Hali ya mahali penyewe ikoje? Niseme ninachokijua. Mwaka 1924 nahodha wa zamani wa Pegasus, yule aliyezamishiwa meli Unguja, alinunua haki ya kuuza vyuma vya Königsberg. Miaka iliyofuata wengine walikata, wakachukua. Kufikia miaka ya 1960 mabaki yalikuwa yamelala ubavu na kumezwa na tope. Atakayekuja leo ataona maji ya kahawia, mikoko, kunguru na mitego ya kamba. Hakuna bomba hata moja. Ndiyo sababu kibao kinahitajika. Gofu la Kilwa halihitaji sana maelezo, linajieleza kwa macho. Mahali ambapo hakuna cha kuonwa ndipo penye haja kubwa ya maandishi.

Mwaka juzi nilifikiwa na wageni waliotaka kupelekwa "pale". Nilimchukua nahodha mmoja ninayemwamini, akatuonyesha kona moja ya mto. Tulipotua kunywa maji, nahodha wa pili akasema si hapo, ni juu zaidi. Jioni, wa tatu akatuambia wote wawili wamekosea, kwa sababu mkondo umehama na siku hizi meli iko chini ya msitu. Wote watatu ni watu wazima, wote walisimuliwa na baba zao, na huenda kila mmoja ana kipande cha ukweli. Niliwaonea haya wageni. Nikawaza kwamba miaka 20 ijayo hata manahodha watatu wa kubishana watakuwa hawapo.

Kwa hiyo ombi langu, kwa undani wake, ni hili. Wataalamu wenu waje na vifaa vya kupimia, wakutane na manahodha na wazee wa vijiji vya delta, waweke alama kwenye ramani kabla mto haujahama tena. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaangalia zaidi vitu vya kale kuliko vita ya 1915, lakini inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali kama hapa kuwa pa kulindwa. Naomba tangazo hilo litolewe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi uliozama unahesabu miaka 100 chini ya maji. Bomba tatu ilitimiza Julai 2015. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanafika kila kijiji siku hizi, na njaa haiulizi historia. Kijana akikuta chuma topeni atakiuza, na sitamlaumu kama hakuna aliyemwambia ni cha nani.

Kibao chenyewe kiwekwe Nyamisati, karibu na gati, mahali ambapo abiria wa Mafia wanasubiri maji yajae. Wanasubiri saa nyingi, watakisoma. Kiwe cha zege na jiwe, kisiwe cha mbao wala cha bati litakaloliwa na chumvi. Kiandikwe Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, na lugha nyingine zifuate chini. Msiweke geti wala kiingilio. Vijana wanaosafiri na boti wafundishwe kukisimulia, wapate riziki ya halali kwa wageni.

Na wakati tangazo linasubiri saini, watumwe wanafunzi wa vyuo wakae na wajukuu wa wavutaji, Rufiji, Kibiti, Mafia na Kilwa, warekodi kila walichosikia. Majina, makovu, njia zilizopitwa, nyimbo. Bado kuna wazee wa miaka 80 na 90 ambao waliongea na watu walioishika kamba. Kazi hii haihitaji zege. Inahitaji simu yenye chaji na uvumilivu wa kukaa barazani.

Nimethubutu kuandika maneno ya kibao. Wataalamu mtayarekebisha tarehe na vipimo, lakini nawasihi jambo moja msilibadili: vitenzi viwe vya kutenda.

"Katika mikono ya mto huu manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita bomba tatu, ilijificha kuanzia Septemba 1914. Manowari za Kiingereza Severn na Mersey ziliipiga tarehe 6 na 11 Julai 1915, na nahodha wake akaizamisha. Mabaharia waliokufa wamelala humu. Watu wa Rufiji na wa nchi jirani walibeba mitambo yake, wakaiongoza njia, wakavuta mizinga yake 10 kwa kamba na kwa mabega. Wengi walifia njiani. Majina yao hatunayo. Anayejua jina la mmoja wao alilete, tuliandike hapa."

Chini yake naomba iachwe nafasi tupu ya jiwe, pana kiasi cha kutosha majina. Ninalo moja la kuanzia. Sitaliandika kwenye barua hii, maana si langu peke yangu. Nimeshawaomba ndugu zangu ruhusa, na siku ya kuliandika nitakuja nao.

Boti hufuata maji, kwa hiyo mkipanga kuja, pangeni siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na tope la kingo linapoonekana. Mnitumie habari siku mbili kabla. Nitawasubiri Nyamisati pamoja na wale manahodha watatu, kila mmoja aonyeshe pale anapopajua, na mwenye vipimo apime.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu mstaafu,
Kibiti